Aliyebaki Kifungoni

Siku za Novemba, huko kaskazini mwa Ufini, jua halitui. Linakata tamaa tu. Chakula cha mchana hakijashuka tumboni, giza limeshafika uani na kuketi.

Jumamosi hiyo Saimi alivaa koti la zamani la marehemu mumewe, akatwaa kikapu cha kuni, akateremka njia ya theluji kwenda sauna, bafu la mvuke. Ilikuwa kazi ya kila Jumamosi. Kibanda cha magogo kilisimama karibu na mto, kina vyumba viwili tu: cha nje cha kuvulia nguo, chenye benchi na kandili, na cha ndani, chenye jiko la mawe, ngazi za mbao za kukalia, na giza. Angewasha moto, mawe yangeiva, kisha kaka yake Vilho angefika na gari lake bovu. Wangeoga kwa zamu, wangekunywa kahawa, wangeagana. Vikongwe wawili wa tumbo moja, hawakuwa na starehe nyingine.

Lakini jioni hiyo Saimi hakuja kuoga. Alikuja kuzungumza na mtu.

Kwa miaka mingi kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia yeyote. Kila Jumamosi, Vilho akishaondoka naye amebaki benchini anakausha nywele, alisikia huko ndani, kwenye chumba kitupu, kata ikichota maji ndooni.

Kimya.

Kisha maji juu ya mawe. *Tssssss…*

Wazee wa zamani wa sehemu zile walikuwa wakisema mvuke wa mwisho huachiwa mwenyeji wa sauna, pepo anayekilinda kibanda. Watu wa nyumba ya maombi walicheka mambo hayo, wakayaita ya kipagani. Saimi naye hakuyaamini. Yeye aliamini jambo baya zaidi. Aliamini ni Tauno, mumewe, na kwamba hana pa kwenda.

Naye alijua kwa nini.

Waumini wa nyumba ya maombi walikuwa na salamu yao. Mtu akiingia husema, "Amani ya Mungu," naye aliye ndani hujibu hivyo hivyo. Asiye wa imani hupewa "habari za mchana", kwa adabu zote, kama anavyopewa mleta barua. Na waliamini kwamba kila muumini, hata mama asiyetoka jikoni, ameshika funguo za mbinguni. Mwenzako akikujia na mzigo wa dhambi, unamkumbatia shingoni na kumwambia: amini, dhambi zako zote zimesamehewa katika jina la Yesu na damu yake. Palepale mbingu inamfungukia. Si ndivyo lilivyosema Neno, kwamba mtakayoyafungua duniani yatakuwa yamefunguliwa mbinguni?

Neno hilo hilo lina upande wa pili: mtakayoyafunga duniani yatakuwa yamefungwa mbinguni.

Tauno alinunua televisheni. Alitaka kutazama watu wakishindana kuteleza kwenye theluji, kana kwamba theluji ya dirishani haikumtosha. Miaka ile televisheni ilikuwa dhambi. Akaitwa mkutanoni. Vilho, shemeji yake, ndiye aliyekuwa msemaji, yaani mhubiri, wa nyumba ya maombi na ndiye aliyeuongoza mkutano. Watu walijaa hadi ngazini, makoti yao ya sufu yamelowa, birika za kahawa zinatoka na kurudi, hewa nzito kama blanketi.

"Televisheni natubu," Tauno alisema. "Nimeirudisha dukani, na mwenye duka kanicheka mpaka kakohoa."

Wakasema si televisheni tu. Ndani ya Tauno mna roho. Roho chungu. Itubie hiyo.

"Hiyo siijui, ndugu zangu. Nitatubuje kitu nisichokijua?"

"Ndivyo inavyosema roho yenyewe," mtu akajibu kutoka nyuma.

Mkutano ulikesha. Alfajiri wakainuka mmoja mmoja, kila mmoja akatamka kwamba Tauno amefungwa. Wa mwisho kuulizwa alikuwa mke wake. Saimi alimtazama kaka yake pale mezani, kaka aliyemfundisha kusoma kwa kidole juu ya Biblia, akawaza kuwa mtu huyu hawezi kukosea Neno la Mungu. Akasema, "Nasimama na mkutano."

Tangu siku hiyo walilala kitanda kimoja, akampikia supu ya samaki, akamshonea soksi. Lakini Tauno akirudi kutoka msituni na kusema mlangoni, "Amani ya Mungu," Saimi alijibu, "Habari za jioni."

Majira ya baridi yote. Habari za jioni.

Mwezi wa tatu moyo wa Tauno ulisimama msituni, shoka mkononi. Alizikwa amefungwa.

Basi Jumapili iliyopita, miaka zaidi ya arobaini imepita, msemaji kijana aitwaye Joonatan alisimama mbele ya waumini. Alikuwa mwalimu wa shule, mpole, na alisoma Maandiko kwenye simu yake; siku hizi kila mtu mle ndani ana televisheni mfukoni. Alisema mikutano ile ilikuwa kosa. Walichukua mstari mmoja wakaung'oa kama jino, hawakutazama taya. Kabla yake kuna mchungaji anayemtafuta kondoo aliyepotea, na baada yake kuna kusamehe sabini mara saba. "Tuliusoma vibaya," alisema. "Tunawaomba radhi walioumizwa." Kisha wakaimba, kisha ikaletwa kahawa.

Saimi alimkamata karibu na meza ya mikate.

"Kwa hiyo mume wangu hakufungwa?"

"Mama Saimi, mimi nadhani Mungu hakufunga lango kwa sababu ya kikao chetu."

"Unadhani."

"Nadhani, mama."

"Wenzako wa wakati ule hawakudhani. Walijua."

Kijana aliinamisha uso. Hakuwa mtu mbaya. "Kama moyo unakusumbua," alisema polepole, "mtakie amani. Hata leo. Hakuna tena wa kukukataza."

Maneno hayo ndiyo yaliyomshusha Saimi mtoni jioni hii, mapema kuliko kawaida yake.

Moto ulishika. Mawe yalianza kunong'ona. Saimi alikaa benchini na koti lake, akangoja. Vilho alikuwa amechelewa, jambo ambalo si kawaida yake, naye akashukuru. Nje upepo ulikatika. Mto, uliokuwa umeanza kuganda pembezoni, ulitoa mlio mmoja kama ubao unaovunjika, ukanyamaza.

Ndani, kata ikagusa ndoo.

Saimi alishika ukingo wa benchi.

*Tssssss…*

Kwa miaka yote hiyo, hapo ndipo alipokuwa akizima kandili na kutoka mbio. Safari hii aliinuka. Akaweka kiganja kwenye mlango wa chumba cha ndani. Mbao zilikuwa za moto.

"Tauno?"

Hakuna jibu. Ila kuna namna mtu anavyonyamaza akiwa anasikiliza, na Saimi aliisikia.

"Ni mimi, Saimi."

"…Nimefungwa."

Sauti ilikuwa chini sana, kama ya mtu anayesema akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Machozi yalimtoka Saimi hata kabla ya hofu kufika.

"Najua. Najua, mume wangu."

"Nifungue."

Alisukuma mlango. Mvuke ulimpiga usoni, na pamoja na mvuke ikaja harufu. Hakuitegemea. Tauno alikuwa na harufu ya utomvu na tumbaku. Hii ilikuwa ya sufu iliyolowa na kahawa iliyochemka mno. Aliisikia, akaiacha ipite, maana moyo ukishaamua, pua haina kura.

Kwenye giza, mbele ya jiko, kitu kilisimama. Kirefu. Kimeinamisha kichwa kama anavyoinamisha mtu anayengoja hukumu.

"Amani ya Mungu," Saimi alisema.

Kile kitu kikatetemeka.

Alinyosha mikono akakizungusha shingoni. Kilikuwa baridi. Katika joto lile ambalo huwezi kushika msumari ukutani, kilikuwa baridi na kimelowa, na kilikuwa kizito, kilimwegemea kama mzigo unaotuliwa. Saimi alifumba macho akasema maneno yote, pasipo kuruka hata moja: amini, dhambi zako zote zimesamehewa katika jina la Yesu na damu yake, uko huru.

Kikashusha pumzi.

Pumzi ndefu… ndefu mno. Ilitoka ikatoka. Haikuwa ya kifua kimoja.

Alipofumbua macho, mikono yake ilikuwa imekumbatia mvuke. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na theluji ilikuwa ikipeperuka ndani na kuyeyukia sakafuni.

Alitoka uani akilia na kucheka. Miaka mingi hakuwa mwepesi hivyo. Na pale, chini ya msonobari, akaliona gari la Vilho, taa zimezimwa, na kaka yake amesimama kando yake bila kofia.

"Umefika lini, kaka?"

"Kitambo. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari." Vilho alikohoa. "Nina la kukuambia, na miguu ikagoma. Halafu nikaona mlango wazi, una mgeni mmekumbatiana, nikasema nisiwakatize."

Saimi alisimama.

"Umemwona?"

"Nimemwona, ila uso alikuwa ameuinamisha. Akatoka. Amepita hapa karibu nami, nikampa habari za jioni, hakujibu. Watu wa siku hizi hawana adabu. Nani yule?"

Saimi alimshika mkono, akamvuta hadi chumba cha nje, akamkalisha benchini karibu na kandili, akafunga mlango. Uso wake uling'aa kama wa msichana.

"Ni Tauno. Nimemfungua, Vilho. Leo. Nimempa amani."

Alitegemea kaka yake amkemee, au amcheke, au alie naye. Vilho hakufanya lolote kati ya hayo. Damu ilimshuka usoni polepole, mpaka midomo ikafanana na majivu.

"Haiwezekani," alisema.

"Joonatan kasema…"

"Sisemi habari za Joonatan. Tauno hakufungwa, Saimi. Nilimfungua mimi."

Kuni zilipasuka jikoni.

"Sema tena."

"Alinijia zizini, wiki ile ya mwisho wake. Nilikuwa nakamua. Akasema, Vilho, nimechoka. Hakusema zaidi. Nikaacha ndoo, nikamshika shingo, nikamwambia maneno yote. Tulilia kama watoto. Ng'ombe walikuwa wakitutazama." Mzee alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Alitaka kukimbia nyumbani akuambie. Nikamwomba anyamaze kwanza, mpaka niliweke mbele ya mkutano. Akakubali. Alisema, Saimi atafurahi siku hiyo. Siku chache baadaye akafa."

Saimi aliikumbuka jioni ile. Ilimrudia nzima, kama kitu kilichotolewa barafuni. Tauno ameingia mlangoni, ananuka ng'ombe na wao hawakuwa na ng'ombe, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. "Amani ya Mungu," alisema. Kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Naye akamjibu, habari za jioni.

"Na alipokufa?" aliuliza. "Alipokufa, kaka, ulikuwa na mdomo?"

"Ningesema, mkutano wote ungeanguka. Wangeuliza, kama mtu mmoja anaweza kufungua zizini kile ambacho watu wote wamefunga usiku kucha, basi Neno liko wapi? Wengine wengi walikuwa wamefungwa, Saimi. Familia nzima nzima. Niliogopa kuvuta uzi mmoja."

"Mimi nilikuwa uzi."

"Wakati ule tulisoma Maandiko hivyo."

"Hapana." Sauti yake haikupanda. "Mimi ndiye niliyesoma hivyo, kwa sababu ndivyo ulivyonisomea wewe. Wewe hukusoma hivyo. Ungesoma hivyo, usingemfungua kati ya ng'ombe. Uliijua maana, ukaenda nayo nyumbani, mimi ukaniachia mstari."

Kuna maneno ambayo mtu huyangoja miaka arobaini, na yakifika huyafungulia mlango tu.

"Kila Jumamosi," Saimi alisema, "umekaa benchi hilo, unakunywa kahawa yangu. Unanitazama nikimlilia mtu aliyeko motoni. Na ulijua hayuko motoni."

"Nilijua."

"Ungenidokeza hata kwa jicho."

"Nilijua, Saimi."

Mle ndani mawe yalikuwa yakitoa mlio mdogo. Hapo ndipo jambo jingine, lililokuwa limesimama nyuma ya hasira likingoja zamu yake, likamfikia Saimi. Lilimpanda kuanzia miguuni.

"Vilho."

"Naam."

"Kama Tauno yuko kwa Mungu wake tangu siku ile… yule niliyemkumbatia ni nani?"

Mzee aliutazama mlango wa nje, ule aliofunga dada yake. Kisha akautazama wa ndani. Ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Hakuna aliyekumbuka kuuacha hivyo.

"Usiku ule wa mkutano," alisema kwa kunong'ona, "sisi tulisema kuna roho. Tukaipa na jina. Tauno akasema haijui, tukaona ni ubishi. Nimeliwaza hilo sana, usiku, uzeeni. Labda alikuwa akisema kweli. Labda roho ilikuwemo mle chumbani, ila haikuwa yake."

"Ya nani?"

"Tulikuwa watu wengi, Saimi. Tumechoka, tumekasirika, kila mtu anamwogopa jirani yake. Na tulifunga kitu, hilo nina hakika nalo, nilikisikia kikikaza. Tauno nilimfungua. Hicho kingine sikukifungua. Sikudhani kipo."

Ile harufu. Sufu iliyolowa. Kahawa.

Saimi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa magogo ya ukuta. Alikuwa amekipa amani. Alikuwa amekiita huru, katika jina lililo kuu kuliko yote, na kama Neno ni kweli, basi mbinguni nako kimefunguliwa. Kama si kweli, basi Tauno pia hakuna aliyemfungua. Aliligeuza jambo hilo kichwani huku na huku, kama mtu anayetafuta upande wa blanketi usio na tundu.

"Mdogo wangu." Vilho alikuwa ameshuka kutoka benchini, amepiga magoti sakafuni kwenye maji ya theluji, mifupa ikilia. Aliupa mgongo ule mlango wa ndani. Macho aliyafumba, machozi yanapita kwenye mikunjo. "Mimi ni mtu wa kufa leo au kesho. Nimekukosea kuliko nilivyomkosea mtu yeyote. Siwezi kwenda na hili. Nifungue, Saimi."

Neno lile lile.

Alimtazama. Alimpenda, hilo ndilo lililouma. Alimwona kijana wa zamani anayepeleka kidole juu ya mstari, na yeye mtoto anafuatisha. Akatafuta moyoni maneno, akayakuta yako palepale yalipokuwa siku zote, na akaona hawezi kuyagusa. Leo hii ameshayatoa mara moja, na hajui yamemwangukia nani. Tena hasira ilikuwa bado mbichi. Alibana midomo. Acha angoje. Ajue naye kungoja kulivyo.

Kandili ilififia kidogo, kana kwamba mtu amepita mbele yake.

"Amini," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye mkwaruzo wa Jumamosi nyingi za moshi. Ilikuwa sauti ya Saimi. Haikutoka kinywani mwake.

"Amini, kaka. Dhambi zako zote zimesamehewa…"

Saimi alifungua mdomo kupiga kelele, na hewa haikutoka. Mbele yake mabega ya Vilho yalishuka, kama yashukavyo ya mtu anayeegemewa. Ukosi wa shati lake uligeuka mweusi kwa maji, kwanza upande mmoja wa shingo, kisha wa pili. Yale maneno yakaendelea mpaka mwisho, yote, pasipo kuruka hata moja.

Uso wa mzee ulilainika. Alilia kwa sauti ndogo ya raha, kama mtoto aliyepokelewa mlangoni.

"Asante, mdogo wangu," alisema bila kufumbua macho. "Mungu akulipe. Ila mikono yako… mbona baridi hivyo?"

Saimi alikuwa amesimama ukutani, upande wa pili wa chumba, mikono yake yote miwili imo mifukoni mwa koti.